Chai Ilipata Dohani Kabla ya Mama

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, yaani Gusii, magharibi mwa Kenya, moto wa ndani ya nyumba haujawahi kuwa wa kupikia tu. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda kuelekea mashariki, upande wa Nyansiongo na kilima cha Kiabonyoru, unafikia mita 2,000 na kuzidi. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Miezi ya Juni na Julai baridi huingia hadi vitandani. Watu wa mahali kama hapo hupika kwa moto, hukaushia nafaka kwenye moto, huota moto na hulala karibu nao. Ndiyo maana historia ya njia ya moshi katika nyumba za huko si jambo dogo la mafundi. Ni historia ya mapafu na macho ya vizazi vizima. Hoja yangu ni hii: kwa zaidi ya miaka 100 nyumba ya Mkisii imebadilishwa paa, kuta, madirisha, jiko na hata nishati, na katika kila badiliko swali la moshi utokee wapi liliachwa nyuma. Wakati huohuo jibu la swali hilo lilikuwa likitumika kila siku palepale kijijini, katika viwanda vya majani chai. Ujuzi ulikuwapo, kilichochelewa ni uamuzi kwamba pumzi ya anayepika inastahili dohani. Sasa gesi inapoingia majumbani, uamuzi huo hauna nafasi ya kuchelewa tena, kwa kuwa hewa chafu inayotoka kwenye moto wa gesi haionekani wala haimtoi mtu machozi.

Tuanze na nyumba ya zamani. Robert na Barbara LeVine, wasomi wa Marekani waliofanya utafiti mahali walipopaita Nyansongo kati ya 1955 na 1957 na kuchapisha kitabu chao 1966, waliwakuta Abagusii, yaani Wakisii, wakiishi katika maboma ambamo kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa kitovu chake yeye na watoto wake. Ilikuwa nyumba ya msonge: kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la nyasi lenye kichwa kilichochongoka. Ndani yake palikuwa na moto wa mafiga matatu. Katika nyumba za namna hii nafaka iliyohifadhiwa juu ya moto, hasa wimbi, ilikauka kwa joto lile na moshi uliwafukuza wadudu. Kisha moshi ulipanda kwenye nyasi, ukapenya polepole na kutoka kupitia paa zima, na mwingine ukatokea kwenye nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Masizi yaliyobaki kwenye nyasi na fito yaliwazuia mchwa na kuchelewesha kuoza, hivyo paa likadumu miaka mingi zaidi. Nyumba hiyo haikuwa na dohani, lakini haikuwa nyumba isiyo na njia ya moshi. Paa lenyewe ndilo lililokuwa njia, na moshi ulifanya kazi tatu kabla ya kuondoka.

Hapa msomaji makini atapinga: je, hatuisifu mno nyumba ya nyasi? Bibi zetu walitoka jikoni wakiwa na macho mekundu na kikohozi kisichokwisha. Pingamizi hilo ni la haki, na ushahidi unaliunga mkono. Katika miaka ya 1960 Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa pua na koo aliyefanya kazi Nairobi, alitambua kwamba saratani ya sehemu ya nyuma ya pua iliwapata zaidi watu wa nyanda za juu za Kenya, akashuku moshi wa nyumba ambazo watu hulazimika kuwasha moto ndani kwa ajili ya baridi. Sayansi iliyofuata imeonyesha kwamba ugonjwa huo una visababishi kadhaa, vikiwemo virusi, na hatuwezi kuutupia moshi lawama zote. Hata hivyo, uchunguzi wa Clifford ulisema jambo la kweli kuhusu jiografia: kadiri mtu anavyoishi juu zaidi ndivyo anavyofunga nyumba na kukaa karibu na moto, na ndivyo anavyovuta moshi mwingi zaidi. Nyumba ya nyasi haikuwa salama. Sidai kwamba turudi huko. Ninachodai ni kwamba ilikuwa na mpango, hata kama mpango huo ulikuwa dhaifu: vifaa vya ujenzi, moto na njia ya moshi vilikuwa kitu kimoja. Mpango ule ulipovunjwa, haukuwekwa mwingine mahali pake.

Ulivunjwa hatua kwa hatua. Waingereza walifungua kituo chao cha utawala Kisii 1907, na kodi ya nyumba ikafuata bendera. Wamishonari wa Kikatoliki walijenga Nyabururu 1911, na Waadventista wakaanza kazi Nyanchwa muda mfupi baadaye. Nyumba ya pembe nne yenye vyumba na madirisha ikawa alama ya msomi na Mkristo. Katika miaka ya 1930 Wakisii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo walowezi walikuwa wamejihifadhia, na Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa mmoja wa waliotangulia. Baadaye pareto na chai zikaenea kwenye miinuko ya juu. Fedha za mazao haya zilinunua vitu vingi, na kimojawapo kilichotamaniwa kuliko vyote kilikuwa bati. Si ajabu. Bati halivuji likipigiliwa vizuri, halishiki moto kwa cheche, halihitaji kuezekwa upya, na mvua ile nyingi ya Gusii hugeuka kuwa maji ya kunywa kwenye pipa. Nyasi za kuezekea nazo zilikuwa zikitoweka, maana kila kipande cha ardhi kililimwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika kaunti mbili ambazo ni miongoni mwa zile za mashambani zenye msongamano mkubwa wa watu nchini. Mahali kama hapo hapana tena uwanda wa nyasi za kukata.

Lakini bati halipumui. Moshi unaopanda na kukutana na bati lililopoa usiku hupoteza joto, hutanda chini ya paa na kurudi kwa watu waliokaa. Nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na paa ilizibwa kwa mbao au udongo, kwa sababu mwenye nyumba mpya aliogopa wezi, popo na baridi. Dirisha lililoongezwa lilikuwa dogo, na usiku lilifungwa. Paa lilikuwa bora kwa kila kipimo isipokuwa kimoja, na hicho kimoja hakikuandikwa kwenye hesabu ya fundi yeyote. Jawabu lililopatikana mashambani lilikuwa kulitenga jiko: nyumba kubwa ya bati ikawa ya kulala na kupokea wageni, na nyuma yake kikajengwa kijumba cha kupikia, mara nyingi cha udongo, kikiezekwa kwa nyasi zilizobaki au kwa bati kuukuu. Wengi huchukulia hatua hiyo kuwa maendeleo, na kwa upande wa wageni ni maendeleo kweli, kwa sababu sebule ilipata hewa safi. Anayepika hakupata. Moshi ulihamishiwa katika chumba kidogo zaidi, na mama akahama nao, pamoja na mtoto wa mgongoni na wengine waliokaa karibu naye kusubiri chakula au kuota moto. Tukipima maendeleo ya nyumba kwa hewa inayovutwa na yule anayekaa karibu na moto kwa muda mrefu zaidi, hapo hatukusonga mbele.

Sasa tuitazame chai. Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, KTDA, iliundwa 1964 ikichukua nafasi ya chombo kilichoanzishwa 1960 kusimamia mazao maalumu ya wakulima wadogo. Viwanda vilienea Gusii nzima: Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore na Nyansiongo upande wa Nyamira, Kiamokama, Nyamache na Ogembo upande wa Kisii. Jani bichi linaloletwa na mkulima lina maji zaidi ya asilimia 70 ya uzito wake, na chai iliyokamilika hubakiwa na takriban asilimia 3. Maji hayo huondolewa kwa joto, na joto lenyewe hutokana na kuni, hasa za mikaratusi, zilezile zinazochomwa jikoni. Tofauti iko katika mpango. Kiwandani kuni huchomwa ndani ya boila. Boila huchemsha maji, mvuke hupita katika mabomba, na feni hupuliza hewa safi juu ya mabomba hayo ya moto. Hewa hiyo iliyopashwa ndiyo inayokausha chai. Moshi haukutani na jani hata mara moja. Hupanda kwenye dohani ndefu ya chuma na kwenda zake. Sababu ni ya kibiashara: chai hunasa harufu haraka, na waonjaji wa mnada wa Mombasa, ambako mnada wa chai ulihamishiwa 1969, huishusha bei chai yenye harufu ya moshi.

Sheria nayo ilisimama upande wa boila. Sheria ya Viwanda iliyoanza kutumika Kenya 1951 iliagiza boila za mvuke zichunguzwe na mtaalamu kwa vipindi maalumu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, iliyochukua nafasi yake, iliendeleza wajibu huo. Kwa hiyo katika kijiji kimoja cha Nyamira palikuwa na mioto miwili ya kuni zilezile. Mmoja una chumba chake cha chuma, una dohani, una mkaguzi na una mhandisi anayeulinda usimchafue yule anayehudumiwa, yaani jani. Mwingine umewashwa juu ya mafiga katikati ya watu. Mama aliyechuma jani lile asubuhi huuacha moto wa kwanza nyuma ya lango la kiwanda na kurudi kwenye wa pili jioni. Sisemi hivi kuwalaumu wenye viwanda, ambao walifanya ilivyopasa. Nasema ili ule udhuru wa kwamba watu wa Gusii hawakuujua ufundi wa dohani uondolewe mezani. Wana wao ndio mafundi, wachochea boila na waunganishaji wa mabomba katika viwanda hivyo. Ufundi ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Mtu anaweza kusema kwamba serikali na mashirika hayakulala, na kwamba kampeni za majiko bora zilifanywa. Ni kweli, lakini ni muhimu kuuliza zilitafuta nini. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani 1973, hofu kubwa ya wapangaji wa mipango ilikuwa kuisha kwa misitu. Jiko la makaa lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani, lililosambaa Kenya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilisifiwa kwa kupunguza makaa. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, Wizara ya Nishati na shirika la Kijerumani la GTZ vilieneza jiko la kuni la udongo linalojengewa jikoni, aina ambayo baadaye ilijulikana magharibi mwa Kenya kwa majina kama Upesi na jiko kisasa. Majiko hayo yalisaidia, na kuni chache humaanisha moshi uliopungua kiasi. Hata hivyo kipimo cha mafanikio kilikuwa mzigo wa kuni uliookolewa, na mengi hayakuwa na bomba la moshi. Uthibitisho kwamba njia ya moshi yenyewe ndiyo yenye faida kubwa ulikuja baadaye: kati ya 1998 na 2001 shirika la ITDG lilifanya kazi na familia za Kajiado na za magharibi mwa Kenya kujaribu kofia za moshi zenye bomba juu ya meko, madirisha makubwa na nafasi chini ya paa, na kofia zile zilipunguza chembe za moshi chumbani kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2001 Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa kaya 55 za Laikipia ulioonyesha kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi ndivyo anavyougua magonjwa ya kifua mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Baada ya ushahidi huo, kutojenga njia ya moshi hakuwezi tena kuitwa kutojua.

Wakati wataalamu wakipima kuni, miji ilikua. Kisii, Keroka, Nyamira na Ogembo zilijaa nyumba za kupanga za chumba kimoja kimoja, zikipandana orofa juu ya orofa. Humo hakuna kijumba cha nyuma cha kupeleka moshi. Mpangaji huleta makaa ndani kwa sababu makaa yanaonekana hayana moshi, na katika baridi ya Julai huacha jiko likiwaka alale kwa joto. Hapo ndipo hatari inapobadilika sura. Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ikiingia kwenye damu hujishikiza kwenye hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa huku mtu akidhani ni usingizi unaomchukua. Tundu la hewa ambalo mjenzi aliacha juu ya dirisha limeshindiliwa gunia au karatasi kuzuia mbu na baridi. Moshi wa kuni, pamoja na ubaya wake, ulimfukuza mtu nje kwa kumwasha macho. Hewa ya makaa humbembeleza alale.

Kisha ikaja gesi ya mitungi. Kanuni za 2009 ziliagiza vali za aina moja ili mtungi wa kampuni moja uweze kubadilishwa na wa nyingine, na mitungi ya kilo 6 ikaenea hadi vibanda vya vijijini. Mwaka 2016 serikali iliiondolea gesi kodi ya ongezeko la thamani, ikairudisha kwa asilimia 16 Julai 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka 2022, na kuiondoa tena 2023. Sensa ya 2019 ilionyesha kuni zikiwa bado nishati kuu ya kupikia kwa zaidi ya nusu ya kaya za Kenya, na gesi kwa karibu robo. Mwelekeo uko wazi, na ni mwelekeo mwema. Anayehama kutoka kuni kwenda gesi amepunguza sumu nyingi sana jikoni mwake. Lakini hapa ndipo lilipo pingamizi kubwa kuliko yote: gesi haina moshi, dohani ya nini basi? Mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, usiku wa 1 Februari 2024 uliwafundisha Wakenya kuogopa gesi inayovuja. Haukuwafundisha kuogopa gesi iliyokwisha kuungua, na kwa hakika hofu ya kwanza imeifunika ya pili.

Jibu liko katika hesabu ya moto wenyewe. Kilo 1 ya gesi ya kupikia, mchanganyiko wa propani na butani, ikiungua vizuri hutoa takriban kilo 3 za kaboni dayoksaidi na zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, ndio huo unaolowesha kuta na kuotesha ukungu. Ili iungue hivyo huhitaji hewa ya mita za ujazo zipatazo 13 kwa usawa wa bahari. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kilo ileile huhitaji mita za ujazo kama 16. Chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu, chenye urefu wa mita mbili na nusu, kina mita za ujazo 22.5 tu, kikiwa kitupu bila kitanda na kabati. Moto huanza kukosa oksijeni muda mrefu kabla hewa yote haijaisha, na unapokosa ndipo unapotoa kaboni monoksaidi. Kifaa kilichorekebishwa kwa hewa nzito ya pwani kinaweza kuchoma gesi vibaya Nyansiongo bila kuharibika kitu. Sufuria ya ugali wa nusu saa, mlango ukiwa wazi, haitamuua mtu. Hita ya gesi inayowaka usiku kucha, au hita ya maji ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu lisilo na tundu, ni habari nyingine kabisa.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko mbali na bado uko nyumbani. Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ina jamii kubwa ya watu waliotoka Gusii, hasa katika vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park. Huko baridi ya Januari hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na nyumba nyingi hupashwa joto na tanuri la gesi. Tanuri hilo limejengwa kwa kanuni ileile ya kiwanda cha Kebirigo: moto huwaka ndani ya chumba cha chuma, feni hupuliza hewa ya nyumba nje ya chuma hicho, na hewa iliyoungua hutolewa kwa bomba lake hadi nje ya jengo. Matanuri ya aina ya zamani hutoa hewa hiyo ikiwa bado moto sana, kwa bomba la chuma linalopanda hadi juu ya paa. Mapya yanayotumia zaidi ya asilimia 90 ya joto la gesi huipoza hadi mvuke wake ugeuke maji, kisha feni huisukuma nje kupitia bomba la plastiki ukutani, na mara nyingi bomba la pili huvuta hewa ya kuchomea kutoka nje. Fundi hupewa umbali wa kuzingatia kutoka madirishani, na mwenye nyumba hutakiwa kuondoa theluji isizibe mabomba. Chuma cha ndani kikipasuka, kifaa hakiruhusiwi kutumika. Na bado jimbo halikuridhika. Kati ya 2007 na 2009 sheria yake ilianza kutumika kwa nyumba mpya, kisha za zamani, kisha za kupanga, ikidai king'ora cha kaboni monoksaidi ndani ya futi 10, kama mita tatu, kutoka kila chumba cha kulala. Kama gesi isiyo na moshi ingekuwa haina haja ya njia ya kutokea, nchi yenye uzoefu mrefu wa kuitumia isingeweka bomba, mkaguzi na king'ora juu yake. Jamaa mmoja wa ukoo analindwa na mambo hayo matatu huko Brooklyn Park. Mwenzake aliyebaki Keroka hana hata moja.

Yamebaki mapingamizi mawili. La kwanza ni baridi: njia ya moshi hutoa joto nje, na watu wa mahali pa baridi watalikosa. Lakini joto huweza kuhifadhiwa kwa namna nyingine, kwa ukuta mnene wa udongo au matofali, kwa dari chini ya bati, kwa mlango unaofunga vizuri, kwa blanketi. Hewa safi haina mbadala. Tena dohani nzuri huvuta moshi wa meko, haivuti joto lote la chumba, na ndiyo maana Ulaya yenye theluji ilijenga dohani kwa karne nyingi bila kuganda. La pili ni gharama. Familia iliyoweza kuezeka nyumba nzima kwa bati haikushindwa na vipande vichache zaidi vya bati hilohilo vilivyokunjwa kuwa bomba na fundi wa jua kali. Gharama ya dohani ni sehemu ndogo ya gharama ya paa, na tundu la hewa kwenye ukuta unaojengwa haligharimu chochote, kwa kuwa ni tofali ambalo halikuwekwa. Kilichofanya bomba lisinunuliwe ni kutokuwamo katika orodha: hakuna aliyeliona akipita karibu na nyumba, hakuna mgeni aliyelisifu, hakuna mkaguzi aliyeliuliza. Kanuni za ujenzi za 1968 zilizorithi desturi za Kiingereza ziliandikwa kwa ajili ya miji, na kijumba cha kupikia cha mashambani kilibaki nje ya macho yake.

Basi uamuzi wa historia hii ni wazi. Kosa la bati halikuwa bati. Lilikuwa kubadilisha kitu kimoja katika nyumba bila kukihesabu kingine kilichokitegemea. Gesi inaweza kurudia kosa hilo, ama inaweza kulimaliza. Kanuni ya kulimaliza ni fupi na fundi yeyote anaweza kuishika: chumba chochote chenye moto kiwe na matundu mawili ya kudumu yanayofunguka nje, moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari. La chini huingiza hewa ya kuchomea, na pia hutoa gesi ikivuja, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutulia chini. Kwa hiyo mtungi usiwekwe katika chumba kilichochimbwa kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za vilima vya Gusii zilivyo kwa nyuma, bila tundu la upande wa bondeni. La juu hutoa hewa iliyoungua. Meko ya kuni yawe na kofia na bomba linalopita juu ya paa. Hita yoyote ya gesi isiyo na bomba la kutokea nje isifungwe chumba cha kulala wala bafuni. Jiko la makaa litolewe nje kabla ya watu kulala.

Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zina uwezo wa kukataa ramani ya nyumba ya kupanga isiyo na matundu hayo, na ziutumie. Wenye nyumba wayafungue yale yaliyozibwa. Vyuo vya ufundi viwafundishe waashi kuhesabu hewa kama wanavyohesabu saruji. Na mkulima wa chai atakapopokea bonasi ya mwaka huu, kabla ya kununua kitu kingine cha nyumba, amnunulie anayepika bomba la moshi.